Kosa la Tatu la Mnara

Mkono wa msusi bado uko pale pale tulipouacha juma lililopita: juu ya kiti cha dereva, ndani ya gari lililobonyea pua, katika uwanja wa nyuma wa kituo cha polisi. Alikuja kuchukua mfuko wake wa nywele za kusukia. Sasa mfuko ameusahau.

Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele. Si kidogo. Kimevutwa mpaka mwisho wa reli yake, karibu kibusiane na usukani.

Kwa msomaji aliyetukosa huko nyuma, mume wa msusi huyu anaitwa Mnara, na jina hilo hakulipata kwa bahati. Akipita mlangoni huinama kama anaamkia wakwe. Ndiye ambaye polisi walimkuta Jumamosi jioni kwenye kona ya karakana ya mbao, ameketi kwenye kiti hicho hicho, miguu nje, pombe inamnuka. Mbele ya gari muuza mkate alikuwa amelala chini kando ya baiskeli yake, na mikate imetapakaa barabara nzima. Kabla hawajamuuliza lolote Mnara aliwaambia ni yeye. Wakampa kipima ulevi apulize, nacho kikawathibitishia walichokwisha kukinusa.

Msusi aliingiza mguu mmoja garini, akajaribu kukaa. Usukani ukamkaba tumbo. Ikiwa yeye hakuenea, sembuse Mnara. Mnara angekaa hapo kuendesha, magoti yangemfika masikioni.

Katika nyumba yao kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuenea pale. Mfupi, mwembamba, mwepesi wa kuwaka, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Kibiriti. Binti yao wa pekee, mwenye leseni mpya aliyoizungusha saluni nzima kila mteja aishike.

Nyuma ya gari zikasikika hatua za buti.

Msusi hakufikiri. Hilo atalirudia moyoni mwake mara nyingi baadaye, kwamba hakufikiri. Mkono ulishuka wenyewe chini ya kiti, ukapapasa, ukakuta chuma, ukakivuta. Kiti kikateleza nyuma kwa mkwaruzo mmoja, kikagota.

"Umekipata ulichokifuata, mama?"

Sajini alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Msusi akaunyanyua mfuko wa nywele, akamwonyesha. Sajini akaufunga mlango wa gari, akamsindikiza hadi getini. Alikuwa mtu mpole. Njiani alimpa pole, akamwambia ajikaze, akasema katika kazi yake ameona wake wengi wa walevi waliofungwa zamani kabla ya waume zao.

Msusi alipofika barabarani ndipo akili ilipomrudia. Akaketi kwenye ukingo wa mtaro, mfuko mapajani, watu wanampita. Kitu pekee kilichoweza kusema kwamba Mnara hakuendesha, yeye ametoka kukinyamazisha kwa mkono wake.

Na kosa la Mnara, msomaji, lilikuwa la tatu.

Mara ya kwanza alitozwa faini, akarudi nyumbani anacheka. Mara ya pili alinyang'anywa leseni, na kazi ya kuendesha lori ikaenda nayo. Akaishia kupakua mbao karakanani, na hakimu akamwonya asimwone tena. Safari hii wakili wao alimweleza msusi mambo bila kumzungusha. Kwa kosa la tatu sheria haina faini. Ni jela, miaka mitano au zaidi, na leseni inafutwa mpaka mtu anaingia kaburini. Hiyo ni kama muuza mkate atapona. Akifa, wakili alisema huku anatazama dirishani, basi miaka asiulizwe.

Tuseme ukweli: msusi alizipokea habari hizo bila chozi. Alikuwa amemchoka. Amemtoa mtaroni, amemvua viatu sebuleni, amewadanganya waajiri wake kwamba ana homa, mpaka wakauliza homa gani hii isiyokosa mwisho wa mwezi. Juzi tu, saluni, vidole vikisuka, aliwaambia wateja kwamba safari hii hamtetei, wamfunge tu, naye apumzike kulala na kiwanda cha pombe. Wateja walicheka, naye akacheka nao.

Sasa aliinuka mtaroni, kicheko hicho bado kinamrudia masikioni, akashika njia ya nyumbani.

Nyumbani alimkuta Kibiriti uani, ameinamia beseni, anafua sare yake ya chuo cha uuguzi. Sare hiyo aliifua jana. Macho yalikuwa yamemvimba, na siku zote hizo mama mtu alidhani ni kumlilia baba.

"Kiti kilikuwa mbele," msusi alisema.

Binti hakuuliza kiti gani. Aliiacha sare izame majini, akakaa chini kwenye sakafu yenye maji, akaeleza yote bila kuinua uso.

Mchana wa Jumamosi ile Mnara alichukua ufunguo wa gari kwa siri, akaenda nalo baa, ingawa leseni hana. Jioni akampigia binti yake simu. Kibiriti alidhani ni yale yale ya siku zote, kumbe baba alikuwa analia. Alisema amekunywa, ameushika ufunguo, na mkono wake umekataa kuliwasha gari. Akamwomba aje amrudishe nyumbani. Hajawahi kuomba hivyo tangu aanze kunywa.

Kibiriti akaenda, akakivuta kiti, akashika usukani. Kwenye kona ya karakana jua lilikuwa limeshuka usawa wa macho, na kioo chote kikageuka moto. Hakuiona baiskeli. Alisikia kishindo tu.

Karakana ilikuwa imefungwa, na barabarani hapakuwa na mtu. Alishuka akapiga magoti, akamshika muuza mkate mkono, akamwambia avute pumzi polepole, kama walivyofundishwa chuoni. Hapo ndipo baba yake alipomnyanyua kwa kwapa kama mtoto. Alilia, akamng'ang'ania yule mtu, lakini nguvu za Mnara unazijua.

"Aliniambia, mimi nimeshachafuka, mwanangu, wewe bado," Kibiriti alisema. "Akanisukuma kwenye uchochoro. Nikakimbia, mama. Nilikimbia."

Aliinuka, akafuta mikono kwenye gauni, akasema sasa anakwenda polisi. Hajanywa hata tone, leseni anayo, atawaeleza habari ya jua. Kiti kitamshuhudia.

Msusi akamwambia kuhusu kiti.

Kibiriti alimtazama mama yake kwa muda mrefu, kama mtu aliyegonga mlango akafunguliwa na mgeni. Msusi alikuwa na hofu tu, na hofu hiyo ndiyo iliyomtoa maneno ambayo hadi leo angelipa chochote kuyarudisha.

"Nenda. Uone chuo gani kitamtaka muuguzi aliyemkimbia majeruhi."

Binti akakaa tena chini. Hakulia. Alikuwa amezimika tu, huyo waliyempa jina la moto. Mama alimshika mabega, akamwapisha asitoke nje mpaka kesi ya baba yake iishe, na Kibiriti akaapa kwa kuitikia kwa kichwa.

Mchana huo huo msusi alikwenda mahabusu. Walimletea Mnara kwenye chumba chenye meza moja iliyochongwa majina ya watu, askari akasimama mlangoni. Siku chache bila pombe zilikuwa zimemkondesha uso. Mikono ilikuwa inatetemeka, akaificha katikati ya mapaja.

Msusi alimnong'oneza kwamba anajua nani alikuwa anaendesha.

Mnara aliinama mpaka kidevu kikakaribia meza. Alimwambia asithubutu kulisema hilo tena, hata akiwa peke yake bafuni. Akisema mahakamani atamkana, ataapa kwamba mke wake amechanganyikiwa. Yeye ameendesha gari amelewa mara ambazo hata hazikumbuki, akapita kando ya watoto wanaotoka shule, akapita kando ya wazee, wala hakukamatwa ila mara mbili tu. Wamemkamata siku aliyompa ufunguo mtu mwenye akili timamu. Alicheka kidogo aliposema hivyo, kicheko kikavu kikageuka kikohozi.

"Kuna kitu kimoja tu kinaninyima usingizi," akasema. "Kile kiti. Nilisahau kukirudisha nyuma."

"Nimekirudisha."

Hakuelewa mara moja. Alipoelewa, mabega yake mapana yalishuka taratibu, na uso ukalegea kama wa mtu aliyetuliwa gunia. Akaitoa ile mikono inayotetemeka, akaushika mkono wa mke wake.

"Asante, mke wangu."

Mnara hakuwa mtu wa asante. Msusi alikumbuka moja tu iliyotoka moyoni, ya siku Kibiriti alipozaliwa. Hii ilikuwa ya pili, na alikuwa anashukuru kufungwa. Mwanamke yule alitoka mahabusu akaigonga nguzo ya geti kwa bega, hakuiona.

Moja kwa moja akaenda kwa wakili. Hakukaa. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeulizia jirani, ingekuwaje kama aliyeendesha alikuwa mtu mwingine, mzima, hajanywa, ana leseni.

Wakili aliweka kalamu chini, akaenda kufunga mlango. Akajibu kwamba kwa mtu kama huyo, na jua kama lile, mahakama ingeweza kuona ni uzembe mdogo, pengine hata jela asiione. Lakini hiyo ni kama angebaki pale. Mtu aliyekimbia ni habari nyingine. Na mtu aliyewadanganya polisi ni nyingine. Na kama kuna mtu aliyegusa ushahidi, huyo naye kizimba kina nafasi yake.

"Kwa hiyo, mama, kabla hujanieleza chochote, fikiri vizuri," wakili akamaliza. "Nikishalisikia siwezi kujifanya sikulisikia."

Msusi alifungua mlango, akaondoka bila kuaga. Kumbe ukweli ulikuwa na njia, tena njia pana, mpaka yeye alipokisukuma kile kiti nyuma. Sasa akimtoa mume anamwingiza mtoto, na yeye mwenyewe yumo. Akinyamaza, mume anazeekea ndani. Popote alipogeuza shingo palikuwa ukuta.

Siku ya hukumu ikafika.

Chumba cha mahakama kilikuwa na joto, feni imesimama, watu wamebanana kwenye mabenchi na kujipepea kwa mikono. Msusi alipata nafasi benchi la pili, kando ya mwanamke mwenye mtandio wa kijani aliyekuwa ananukia sabuni ya hospitali. Kibiriti alikuwa ameachwa nyumbani.

Mnara akapandishwa. Kizimba cha kuwafika wengine kifuani kilimwishia kiunoni. Karani akasoma: kuendesha gari akiwa amelewa, kuendesha bila leseni, kusababisha majeraha. Alipoulizwa kama ni kweli, alijibu kwa sauti iliyofika mpaka nje.

"Ni kweli, Mheshimiwa. Yote ni kweli."

Mwendesha mashtaka alisimama na kumbukumbu za makosa mawili ya nyuma. Alisema mtu huyu amesamehewa kwa faini akacheka, amenyang'anywa leseni akaiba ufunguo. Aliomba apewe adhabu itakayowafanya walevi wengine waache magari yao walipoyaegesha. Wakili akaomba huruma, akaomba mteja wake apelekwe kwanza akatibiwe ulevi, kwa sababu jela itamnyang'anya miaka yake lakini kiu itamwachia. Hakimu alisikiliza yote, akavaa miwani. Alisema mahakama hii imezungumza na mshtakiwa mara mbili kama mtu anavyozungumza na ndugu, na sasa itaiachia sheria iseme. Akaanza kuandika.

Kalamu ya hakimu ndiyo sauti pekee iliyosikika. Na hapo mwanamke mwenye mtandio wa kijani akamwinamia msusi sikioni.

Alisema yeye ni mke wa muuza mkate.

Msusi alitaka kusogea, lakini benchi lilikuwa limejaa. Yule mwanamke akamwambia asiogope, hakuja kumlaani mtu. Mume wake amefumbua macho alfajiri, na tangu afumbue anamwulizia msichana. Anasema msichana mdogo wa umbo alipiga magoti barabarani, akamshika mkono, akamfundisha kuvuta pumzi. Kisha mtu mrefu akaja kumnyanyua, na yule msichana alikuwa analia, anasema baba, niache, baba. Amewaeleza polisi wa zamu hospitalini, wamesema ni maluweluwe ya homa.

"Mimi namjua mume wangu, hana maluweluwe," alinong'ona. "Nimeambiwa wewe ndiye mke wa huyu baba. Huyo msichana yupo?"

Msusi aliinua macho kizimbani. Mnara alikuwa anawatazama. Hakusikia neno, lakini aliyaona macho ya mkewe, na polepole, polepole sana, akatikisa kichwa. Usiseme.

Kalamu ikafika mwisho wa ukurasa. Hakimu akageuza.

"Yupo," msusi alisema. "Ni wangu. Ndiye aliyekuwa anaendesha."

Maneno yalitoka madogo kama punje, akayasikia yanaanguka. Alingoja kofi. Alingoja kelele. Badala yake mke wa muuza mkate akautafuta mkono wa msusi kwenye benchi, akaushika, na vidole vyake vilikuwa vikavu na vyenye joto.

Akamwambia amlete hospitali leo leo. Mume wake anataka kumshukuru kwanza, kwa sababu madaktari wamesema kama asingefundishwa kuvuta pumzi vile, asingefika hospitali akiwa hai. Hayo mengine yatasemwa, na yakisemwa na familia mbili zilizokaa pamoja yatasikika vizuri zaidi kuliko yakisemwa na polisi. Yeye mwenyewe yuko tayari kusimama mbele ya hakimu akaeleza jinsi binti alivyomhudumia mume wake.

Hapo ndipo msusi alipolia, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile ya ajali. Machozi yalimtoka bila sauti, yakadondokea kwenye mikono yao yote miwili. Njia ilikuwepo. Nyembamba, lakini ilikuwepo. Angesimama sasa, kabla kalamu ile haijatua, aseme mume wake hakuendesha. Aseme kila kitu, mpaka kile ulichofanya mkono wake mwenyewe. Alishika mgongo wa benchi la mbele, akaanza kujiinua.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa.

Aliingia mwanamume mwenye aproni nyeupe ya kiwanda cha mikate, unga bado kwenye mikono, anahema. Alitembea kwa ncha za vidole katikati ya mabenchi, akawaruka watu magoti, akafika kwa mwanamke mwenye mtandio wa kijani. Alikuwa shemeji yake. Akamwinamia sikioni kama yeye alivyomwinamia msusi muda mfupi tu uliopita.

Mkono uliokuwa ndani ya mkono wa msusi ulilegea. Halafu ukatoka.

Huko mbele askari alikuwa anamnong'oneza mwendesha mashtaka. Naye akasimama, akaomba radhi kwa kumkatiza Mheshimiwa, akaomba hukumu isisomwe. Mashtaka yatabadilika. Taarifa imetoka hospitali sasa hivi kwamba majeruhi amefariki.

Hakimu akaiweka kalamu chini. Mnara alishika chuma cha kizimba kwa mikono miwili, na yule mtu mrefu akaonekana anapungua mbele ya macho ya watu.

Mjane alisimama. Mtandio ulikuwa umemwanguka mabegani, hakuuokota. Hakimu akamwambia kwa upole kwamba mahakama inampa pole, na kwamba anaweza kutoka nje akapumzike. Shemeji yake akamshika kiwiko. Akaking'oa kiwiko chake.

"Mheshimiwa," alisema, na sauti yake haikuwa ile iliyonong'ona. "Aliyemuua mume wangu hayumo kwenye hicho kizimba."

Kidole chake kilipanda. Kilikuwa karibu sana na uso wa msusi.

"Muulizeni huyu mama, aliyemuua ni nani. Ameniambia mwenyewe."

Chumba kizima kikamgeukia msusi. Alikuwa bado amelishika benchi la mbele, magoti nusu yamekunjwa, na hakujua tena kama alikuwa anainuka au anakaa.